Mashairi kwenye TV ya kebo hapa Arusha, na kwa nini kibwagizo ndo kila kitu

Nianze na uwanja wa mpira. Arusha nzima inaujua uwanja wa Sheikh Amri Abeid, pale ndo mechi, ndo mikutano ya hadhara, ndo matamasha, mgeni akishuka stendi anaelekezwa njia kwa kutumia huo uwanja. Sasa siku moja ya mechi tulisimama pale nje na kamera na maiki, kila anayepita tunamuuliza swali moja tu, huyu Amri Abeid ni nani? Mmoja akasema mchezaji wa zamani. Mama muuza karanga akasema ni yule mzee aliyetoa eneo. Chalii mmoja kavaa jezi, anajiamini kabisa, akatuambia "huyo ndo mwenye uwanja kaka, sa hivi yuko Dar". Jamani, Sheikh Kaluta Amri Abedi kafariki 1964! Na katika wote tuliowauliza hakuna aliyetamka neno mshairi, wakati huyu ndo kaandika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichotoka 1954 pamoja na diwani yake, na mpaka leo wazee wakianza kugombana kuhusu vina na mizani lazima mmoja akitaje. Alikuwa pia meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akawa waziri kwenye serikali ya Mwalimu Nyerere, lakini sisi tunaenda kushangilia magoli juu ya jina lake bila kujua ubeti wake hata mmoja.

Hicho kipande ndo kilifungua kipindi chetu. Watu walicheka sana, alafu baada ya kucheka wakaanza kuuliza, sasa huyo shehe aliandika nini hasa? Na mimi nilikuwa nasubiri swali hilo tu.

Riziki yangu ni kushuti harusi, sendofu na kipaimara, na kwa huku kwetu ukiwa na kamera nzuri mwezi wa kipaimara hulali. Mashairi ni ugonjwa niliopata shule. Wenzangu kwenye kundi ni walimu wawili watatu, dereva boda, dada fundi cherehani, na mzee mmoja mstaafu wa Kaloleni ambaye anajua beti nyingi kwa kichwa kuliko namba za simu za watoto wake. Kituo kimoja cha kebo cha hapa mjini kikakubali kutupa nusu saa kwa wiki, masharti yao tulete kazi ikiwa imeshaeditiwa na isiwe na siasa ya vyama. Pesa hakuna. Tukasema sawa.

Mwanzoni kituo kilitaka turekodi studio kwao. Pazia la bluu nyuma, maua ya plastiki mezani, mshairi anakaa kwenye kochi kashika karatasi. Mzee wetu akaghani pale, na ni mtu mwenye sauti haswa, akimaliza ubeti kimya. Anaendelea na ubeti wa pili, anafika kwenye kibwagizo, ule mshororo unaorudiwa kila ubeti, kimya tena, unasikia feni tu. Mwenyewe akaniambia tukiwa tunatoka, "Mwanangu, mle ndani nimejisikia kama nasomewa hukumu." Na akaongeza kitu ambacho nimekizungusha sana kichwani, kwamba kibwagizo hakikutungwa kiwe cha mtunzi, ni sehemu ya watu wengine, sasa ukimfungia mshairi peke yake na kamera umemnyang'anya watu wake halafu unategemea nini.

Ukitazama nyuma utaona ana hoja. Ushairi wa hapa nchini siku zote umekuwa na mtu wa upande wa pili. Mtu anatunga, mwenzie anamjibu, magazetini ilikuwa hivyo hivyo, swali linatoka kwa shairi na jibu linarudi kwa shairi kwa mizani ile ile. Ngonjera ndo usiseme, maana ngonjera bila wa kumbishia haipo. Mathias Mnyampala alivyoisukuma ngonjera miaka ya sitini, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikawa inatumika kueleza ujamaa, ilikuwa watu wanasimama wawili au kundi kwa kundi wanabishana mbele za watu mpaka mmoja anakubali. Sisi wote tuliosoma shule za msingi tumeshasimama juani na sare zimepigwa pasi tunamghania mgeni rasmi, yaani usomaji wa laivu nchi hii tumeufanya tukiwa darasa la tatu, hatujui tu kama unaitwa hivyo.

Alafu kuna hili la televisheni lenyewe. Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu 1973, ila huku bara tumekuja kuipata 1994. Kwa hiyo wazazi wetu wa bara walikulia kwenye redio, na redioni mashairi yalikuwa yanaghaniwa, mtu analima huku anasikiliza. Kizazi kilichokuja kukulia kwenye TV kilipewa mpira, tamthilia na bongo fleva, shairi likabaki kwenye mtihani wa kidato cha nne, "fafanua maudhui kwa kutumia diwani mbili ulizosoma". Mtu akikwambia hapendi mashairi muulize vizuri, utakuta anachochukia ni lile swali la mtihani.

Basi tukatoka studio. Tukaanza kurekodi palipo na watu, kibarazani, kwenye kijiwe cha kahawa, nje ya saluni, sokoni. Na sokoni ndo nilipoona kwa macho yangu kile alichokuwa anasema mzee.

Tulikuwa tunamrekodi mwalimu mmoja wa kundi letu anasoma la kwake, wauzaji wanamwangalia kwa heshima tu, ile heshima ya kumsubiri mtu amalize aondoke. Mama mmoja muuza nyanya akadakia pale pale, "Nyie mnasoma vya kwenye madaftari, njooni hapa niwape cha kwangu." Nikamwambia, "Shikamoo mama, karibu, tuko tayari." Hata hakukaa kwenye pozi. Akaendelea kufuta nyanya kwa pembe ya kanga, moja moja, anazipanga mafungu huku anaghani, kwa mahadhi yale ya kaswida anayoyajua yeye:

Nimebeba tenga langu, asubuhi naingia,
Jua lote ni la kwangu, baridi yanishukia,
Nalipa ushuru wangu, choo najitafutia,
Soko ndilo shamba langu, nani atanilimia?

Alipofika "choo najitafutia" kicheko kililipuka kile cha watu waliokuwa wanalijua jambo siku zote ila hawajawahi kulisikia limepangwa vizuri hivyo. Ubeti wa pili akagusa wakopaji, wa tatu akagusa waume wanaokuja kuchukua mauzo jioni, na kufika hapo wale wamama wa mafungu ya jirani hawakusubiri tena, akitamka "Soko ndilo shamba langu" wao wanamalizia kwa pamoja "nani atanilimia?", mmoja anapiga beseni. Hesabu silabi mwenyewe, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho viko mahali pake, na mama hajakaa darasani kufundishwa ukwapi na utao, yaani kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo. Kasikia redioni utotoni, basi.

Mimi kamera nilishaigeuza. Kwenye harusi unajifunza kwamba bibi harusi kila mtu anamshuti, ila video inakumbukwa kwa yule shangazi anayelia pembeni. Nikawashuti wale waitikiaji, mikono yao, yule mwenye beseni. Kipindi kile kiliporuka hewani simu zilizopigwa kituoni nyingi zilikuwa za watu wanaomba kirudiwe, na mtaani watoto wakawa wanatembea wanasema "nani atanilimia". Tangu hapo tumeweka sheria, kamera mbili, na moja kazi yake ni watazamaji tu hata kama mshairi ni mkubwa vipi.

Sauti ndo ilitusumbua kuliko picha. Maiki ya kubana kifuani inamchukua mshairi vizuri lakini kibwagizo cha watu kinasikika kama kinatoka mtaa wa tatu. Tulichofanya ni kuweka simu nyingine katikati ya watu inarekodi sauti yake, na kabla ya kuanza mtu anapiga kofi moja mbele ya kamera, wakati wa kuediti unalinganisha yale makofi na kila kitu kinakaa sawa. Maiki usiivue sponji, Arusha upepo upo. Na uangalie saa, usipange kurekodi karibu na msikiti muda wa adhana ukaja kumkatisha mtu ubeti wa mwisho, wala karibu na kijiwe cha boda saa ya kutoka kazini.

Jambo lingine lililonishangaza ni saluni. TV ya kebo inatazamwa sana saluni, kwenye mabucha ya nyama choma, kwenye ofisi za watu, na sehemu nyingi hizo sauti imezimwa au inapigana na draya. Yaani shairi letu lilikuwa linapita pale watu wanamwangalia mzee anafungua mdomo tu. Kwa hiyo tukaanza kuandika mishororo chini ya skrini, mmoja mmoja kadri anavyoghani, herufi kubwa. Dada mmoja msusi akaniambia wateja wake wanasoma kwa sauti huku wanasukwa, na wakishazoea kibwagizo wanakisema kabla hakijatokea. Ila maandishi yana gharama yake. Ukimsikia mtu anaghani, mahadhi yanaficha mengi, anavuta silabi pale, anameza hapa, unaridhika. Ukiuandika mshororo ukakaa kwenye skrini wazee wanahesabu kwa vidole! Simu ikapigwa, mzee mmoja wa mtaa wa Sakina, bila hata salamu, "Mshororo wa tatu una mizani kumi na saba, nani kauruhusu?" Nikaenda kuhesabu. Kumi na saba kweli. Mtunzi alipoambiwa hakukasirika, alirekebisha na wiki iliyofuata tukamweka tena, na yule mzee wa Sakina tukamwalika aje kuwa mkaguzi wetu, sasa hivi kila shairi la arudhi, yaani la vina na mizani, linapita kwake kwanza.

Hapo lakini ndo ukazuka ule ugomvi mkongwe. Vijana wetu wengi wanaandika mashairi huru, wengine wametokea kwenye rapu, na Arusha kwa rapu hujambo, huu ni mji wa X Plastaz waliochanganya hiphop na uimbaji wa Kimasai, kwa hiyo chalii wa mitaa ya Unga Limited au Kijenge ana shule yake ya vina hata kama hajaisoma ya Sheikh Amri. Wazee wanasema bila mizani hilo ni gazeti limekatwa vipande. Mgogoro huu mtu aliyesoma Kiswahili A level anaujua, ulipamba moto baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, na sisi tulikuwa tunaurudia upya kwenye kijiwe cha kahawa wakati watazamaji wenyewe hawakuwa na habari nao. Nilichokiona kwenye picha ni kwamba watu hawaondoki kwa sababu shairi halina vina. Wanaondoka kama hawana pa kuingilia. Kijana mmoja alileta shairi huru kuhusu mgao wa maji, halina kina hata kimoja, lakini kila baada ya mistari kadhaa anarudi kwenye "ndoo iko tupu", na watu wakamjibu mpaka mwisho. Mwingine alileta la arudhi safi kabisa, mizani imenyooka, msamiati wa kutafuta kwenye kamusi, akasoma dakika nyingi na watu wakaanza kuangalia simu zao. Mzee wa Sakina mwenyewe alipoangalia vipande hivyo viwili alinyamaza, alafu akasema yule wa ndoo aongeze juhudi. Kwa yeye hiyo ni sifa kubwa sana.

Muda tuliuiba kwa Wamarekani. Kuna mashindano ya kughani mashairi yalianzishwa Chicago na fundi ujenzi mmoja, Marc Smith, 1986 akiwa anayaendesha kwenye baa iitwayo Green Mill, na yakasambaa dunia nzima. Taratibu zao ni kwamba mshairi ana dakika tatu, majaji watano wanachaguliwa kutoka kwa watazamaji wenyewe, wanatoa maksi kuanzia 0 mpaka 10, ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, zinazobaki zinajumlishwa. Dakika tatu tukazichukua bila ubishi, kwa TV ni dawa. Maksi ndo zilileta balaa. Tulijaribu kwenye ukumbi mmoja mdogo, kondakta wa kifodi (daladala) akiwa mmoja wa majaji akampa mzee wetu wa Kaloleni 6. Ukumbi ukapoa. Kijana kumnyanyulia mzee kibao cha 6 mbele za watu, hata kama shairi lilikuwa la 6, huku kwetu hapana. Mzee mwenyewe alicheka, ila mke wake hakucheka. Tulichobaki nacho ni kuchagua watu watano wa kawaida ambao badala ya maksi wanataja mshororo waliobaki nao kichwani, kila mtu mmoja. Inafanya kazi vizuri mno kwenye TV kwa sababu mtazamaji naye nyumbani anataja wake, na mshairi ambaye hakuna mshororo wake uliobaki anajijua mwenyewe bila kuambiwa.

Tulienda na Moshi pia, Majengo, kwa mwaliko wa kikundi cha vijana pale. Moshi walitufundisha kitu kidogo cha maana, wao waliweka usomaji baada ya ibada ya pili Jumapili, watu wakiwa wameshavaa vizuri na hawana haraka, na bibi mmoja akatoa la Kichaga. Nusu ya ukumbi hawakuelewa, ila kibwagizo alikiweka kwa Kiswahili, kwa hiyo wote wakaitikia. Siku hizi mtu akija na la Kimeru au Kimasai tunamwomba hivyo hivyo.

Pesa sasa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akasema atadhamini, atalipia mafuta ya genereta, kukodi spika na soda za watu, lakini anataka shairi la mabati yake. Wengine kwenye kundi waliona tunajiuza. Mimi sikuona tatizo, washairi wamesifia matajiri tangu enzi na enzi, tena bila risiti. Dereva boda wetu akamtungia beti tano zina geji ishirini na nane, geji thelathini, misumari na mvua ya masika, na moja ya beti hizo inamsema kiaina mtu anayeuza bati jepesi kwa bei ya zito. Mdhamini kacheka akalipa. Watu wakalipenda kuliko mengi ya mapenzi tuliyorusha.

Kwa anayetaka kuanza mjini kwake, mambo ya karatasi usiyadharau. Ukitaka kurusha mtandaoni kama TV yako mwenyewe, kanuni za 2018 zilidai leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ndo maana sisi tuliona heri kukaa ndani ya kituo chenye leseni tayari. Matukio ya sanaa yana vibali vyake BASATA, baraza la sanaa la taifa. Na mshairi asaini karatasi hata ya ukurasa mmoja kwamba shairi ni lake na karuhusu lirushwe, maana kuna mtu alituletea shairi tamu sana, mzee wa Kaloleni akalitambua kwenye mshororo wa pili, lilikuwa la marehemu fulani. Watoto, mzazi asaini. Shule nazo zinatukumbuka tarehe mbili tu, 21 Machi siku ya ushairi na 7 Julai siku ya Kiswahili, simu zinaita mpaka betri inaisha, tarehe 8 hakuna hata wa kukubipu. Tumeanza kuwaambia walimu tutakuja ila mwezi wa tisa.

Sasa hivi tunachobishania ni mdundo. Machalii wanataka shairi la mzee wa Kaloleni, lile la stendi, liwekewe biti chini, wanasema vijana watalishea Whatsapp na likisheawa ndo limefika. Mzee anasema sauti yake ina mdundo wa kwake na hahitaji wa kompyuta, na zaidi ya hapo biti inafunika pale watu wanapoitikia, jambo ambalo kwenye hedifoni nimelisikia na ni kweli. Dada fundi cherehani akapendekeza biti inyamaze kila kikifika kibwagizo, iwaachie watu. Nimeediti matoleo mawili, la mzee mtupu na la biti inayonyamaza. Yote yanaruka Alhamisi hii, moja baada ya jingine, na simu za watazamaji mzee kasema zisipokelewe na kijana yeyote, atakaa kituoni azipokee mwenyewe.